Nilivyoandika Mwisho wa Yule Siye

Mwalimu wetu wa Kiswahili alinichagua mimi kwa sababu ya mwandiko, hakuwa na sababu nyingine. Alilisema hilo mbele ya darasa zima. "Huyu hasemi, lakini akiandika, hata bibi yangu mwenye macho mabovu atasoma." Watu wakacheka, mimi nikatazama meza. Siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki tano. Kila mwaka kidato cha tatu ndicho kinachotoa mchezo wa kuigiza, na safari hii mwalimu alitaka hadithi inayojulikana kila nyumba, ili mama aliyekuja na mtoto mgongoni na mzee aliyekuja na bakora wote waifuate bila kuulizana. Akachagua ile ya watoto wawili wanaofanana.

Naiandika kwa ufupi, maana kila mtu anaisimulia kivyake. Binti wa mfalme anakutana kisimani na binti wa mchota maji. Wanatazamana, wanaona sura ni moja. Wanabadilishana nguo kwa mchezo tu, na kabla hawajarudishiana, watumishi wanakuja wanamchukua yule aliyevaa vizuri. Basi wa mchota maji anakula vya ndani na kulala kitandani, na wa mfalme anabaki nje akilia kuwa ni yeye, hakuna anayemsadiki. Miaka inapita mpaka ukweli unajulikana. Bibi yangu kule Msuka alipotusimulia, yule wa uongo alizikwa mpaka shingoni kwenye njia panda, na kila apitaye akamtemea mate. Tulikuwa wadogo na tulilala vizuri tu baada ya hapo.

"Mimi sitaki kuzika mtu," mwalimu aliniambia. "Wala sitaki mate. Watu watakuja na watoto wao. Nitafutie mwisho ambao baba na mama na watoto watautazama pamoja, kisha waende nyumbani wakale wali wao."

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Nilikuwa nimeshachoka kabla ya kushika kalamu.

Sasa niseme jambo ambalo wanalijua watu wa kwetu tu, na daftari hili. Jina ninaloitwa skuli si langu. Ni la dada yangu, binti wa baba mkubwa. Tulifanya mtihani pamoja kule Msuka, yeye akachaguliwa kuja kusoma Chake Chake, mimi nikafeli. Mwezi uleule akaposwa, na wazee wakaridhia. Barua ya skuli ikakaa kwenye kabati la baba mkubwa siku tisa. Siku ya kumi baba mkubwa na baba yangu wakakaa barazani wakazungumza, na walipomaliza nikaambiwa nifungashe nguo. Nafasi isipotee, ndivyo walivyosema. "Babu yao mmoja," baba mkubwa alisema, "na barua haina picha." Dada hakuulizwa kuhusu jina lake wala mimi sikuulizwa kuhusu langu. Yeye alikuwa ndani anapakwa hina.

Nikaja kukaa kwa shangazi yangu, mjini. Wiki za mwanzo nilipoitwa darasani sikuitika, mwalimu akaita mara mbili, mara tatu, watu wakasema huyu mtoto wa Msuka ana haya. Haya ninazo kweli, lakini nusu yake ilikuwa kutojua kwamba ninayeitwa ni mimi. Na lililoniuma kuliko yote ni baba. Katika daftari la skuli baba yangu ni baba mkubwa, kwa hiyo baba aliyenizaa alipokuja kunitazama alijiandikisha kuwa baba mdogo. Aliandika polepole, akafunga kalamu, akaniuliza kama nakula vizuri. Hatukulisema tena.

Habari ya dada niliipata jioni moja, wiki ileile niliyopewa kazi ya mchezo. Shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachagua mchele.

"Dada yako kaachwa," alisema.

"Lini?"

"Wiki ya pili hii. Karudi kwao na ntoto wake. Na anasema anataka kusoma."

Shangazi akageuza kifuu, akaendelea kukuna.

"Siku ya wazazi atakuja mwenyewe kuonana na mwalimu mkuu."

"Amwambie nini?"

"Hilo nenda kamuulize yeye. Mie nakuna nazi."

Hapakuwa na la kuuliza. Akisema ukweli, nafasi ni yake kwa haki, au labda haitakuwa ya mtu yeyote, lakini mimi kwa vyovyote ningerudi Msuka kulima muhogo na kungoja nami niposwe. Nilikuwa na wiki tano za kusoma, na katika wiki hizo nilitakiwa niamue kwa mkono wangu afanywe nini mtoto aliyekaa mahali pa mwenzake. Katika karatasi zake mwalimu alimwita huyo "yule siye". Yule mwengine alimwita "mwenyewe".

Niliandika baada ya alasiri, nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kwenye kurasa zilizobaki za madaftari ya mwaka jana. Nikiandika mistari mitano naitwa kuchota maji. Nikirudi, kuku wameshakanyaga karatasi. Kila nilichomaliza kilirudi na kasoro.

Kasoro ya kwanza ilikuwa mfalme. Mwalimu mkuu alisoma kurasa zangu akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, mwalimu wetu yuko pembeni yake, nami niko nyuma ya mwalimu wetu.

"Mfalme huyu wa wapi?" aliuliza.

"Wa hadithini, mwalimu mkuu."

"Mgeni rasmi atakaa mstari wa mbele. Wewe unampandishia mfalme jukwaani, kakaa kitini anapepewa. Akiniuliza mfalme huyu wa wapi, nimjibu wa hadithini?"

Kwa hiyo mfalme akawa tajiri mwenye mashamba ya mikarafuu. Huyo aliishi siku mbili. Msichana aliyepewa nafasi ya yule siye, mcheshi wa darasa, ambaye babu yake alikuwa na mashamba makubwa kabla ya Mapinduzi na baba yake sasa anauza vitambaa sokoni, alisoma ukurasa wa kwanza akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo mashamba ya babu yangu mmeyarudisha," alisema, "ila utajiri mmempa mwengine. Mie mmenipa ndoo."

"Ndoo itakufaa," akajibu mwenzake, ambaye bibi yake alichuma karafuu katika mashamba hayohayo. "Huko kwenu hamjaizoea bado."

"Tumeizoea. Tena yetu ina tundu."

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu akafuta mikarafuu yote, ukurasa hadi ukurasa. Akafikiri tuupeleke mchezo Pujini, kwa kuwa pale pana magofu ya mtawala wa zamani na kila mtu anajua ni zamani kweli. Mwalimu mkuu akakataa, akasema watoto wa Pujini wako humuhumu, wazazi wao watakuja na watasema tumewafanya mji wa waongo. Mwisho tukabaki na mkubwa mmoja wa mji mmoja wa mbali, hana shamba wala jina. Nilinakili kurasa kumi na nne mara tatu. Kidole cha kati kilifanya sugu.

Lakini hayo yote yalikuwa ya juujuu. Kazi ilikuwa mwisho.

Mwisho wa kwanza niliuandika wa kujipendelea, na nakiri hapa. Mwenyewe anarudi nyumbani baada ya miaka, watu wanamtambua, anatazama kitanda, anatazama mazulia, kisha anamwambia yule siye abaki, kwani yeye ameshazoea nje. Niliupenda sana. Niliusoma peke yangu mara nyingi na kila mara nilimpa mwenyewe sauti ya dada.

Mwalimu aliusoma mara moja tu.

"Ndiyo kusema kaacha nyumba yao, kaacha mama yake, kwa sababu kazoea kuchota maji?"

"Labda kachoka kugombana," nilisema.

"Binti, wewe umepata kuchota maji?"

"Nachota kila siku, mwalimu."

"Basi unajua." Akanirudishia karatasi.

Mwisho wa pili mama anawakumbatia wote wawili na kusema sasa ana mabinti wawili. Huu mwalimu aliupenda, ila mwalimu mkuu akasema tutakuwa tunawafundisha watoto kwamba udanganye tu, mwisho utapikiwa pilau. Alitaka yule siye atubu kwa maneno marefu. Nikajaribu kuyaandika maneno marefu. Niliandika "nisameheni" halafu sikujua anaomba asamehewe nini, maana siku ya kisimani alikuwa na miaka saba. Nikaandika kuwa hakutaka. Nikafuta, kwa sababu vitanda vile alivitaka. Hata mimi nilipokuja mjini sikutaka, na baada ya mwezi nilitaka, na hilo silijui niliwekeje katika maneno ya kusemwa mbele ya wazee.

Ilipobaki wiki moja, siku ya Ijumaa, nimetoka kufua, mikono imekunjamana, nikaandika mwisho wa tatu kwa dakika kumi. Yule siye anasimama mbele ya watu bila ya kuulizwa. Anasema, "Mimi siye." Hasemi zaidi. Anavua kilemba cha dhahabu, anakiweka chini, anatoka mlangoni. Sikuuandika kwa ujasiri, msinidhanie hivyo. Niliuandika kwa kuwa ulikuwa mfupi.

Mwalimu aliusoma mara mbili. Kisha akasema, "Huu," akaenda zake.

Siku ya wazazi dada alikuja kwa gari ya mwanzo ya Msuka. Nilimuona langoni amesimama na shangazi, amevaa buibui jipya, mwenyewe amekonda mashavuni, na mtoto wa miezi minane amelala begani kwake. Nilikwenda nikapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwenye jina langu." Alisema kwa sauti ndogo, asisikie mtu. Sikujua ni utani au si utani. Halafu akaninyooshea mtoto. "Chukua ntoto, nkono unaniuma tangu Konde."

Kwa hiyo mchezo wangu niliutazama nimesimama ubavuni mwa ukumbi, mtoto wa dada kifuani. Mwanzo ulikwenda vizuri. Akina mama hawakunyamaza hata kidogo. Watumishi wa mkubwa wa mji walipoingia kumchukua mtoto, akina mama wakasema kwa pamoja, "Si huyo, huyo mwengine, mwenye kanga mbovu," na mtumishi, ambaye ni mvulana wa kwa fundi baiskeli, akababaika akamshika mwenye kanga mbovu kweli. Mcheshi wetu ikabidi amtoe mwenzake mkononi mwa mtumishi na kusema, "Nichukue mie, ewe, ndivyo inavyokwenda." Ukumbi ukacheka. Nilimtafuta dada kwa macho. Alikuwa anacheka na wenziwe, kanga mdomoni, nikaona jinsi alivyokuwa zamani.

Ukafika mwisho. Mcheshi wetu, ambaye katika mazoezi yote hakuwahi kuyasema maneno yale mawili bila ya kuyaongezea mzaha, safari hii aliyasema kavu. "Mimi siye." Akavua kilemba. Akashuka jukwaani kuelekea mlangoni. Dada alikuwa hacheki tena. Alinitazama mimi, hakumtazama mchezaji.

Hapo mstari wa mbele akainuka bibi mmoja, mkongwe, mwenye ukaya mweupe kichwani, bibi wa mwanafunzi ambaye mpaka leo sijui ni yupi. Alimkamata yule msichana kwa kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

Mcheshi wetu akasahau mchezo. "Natoka, bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani kaandika?"

Baadhi ya wanafunzi wakageuka kunitazama. Nilijificha uso kwa kichwa cha mtoto.

"Walipobadilishana nguo walikuwa watoto hawa," bibi alisema, akiwaelekea waliokuwa jukwaani. "Wakubwa mlikuwa wapi? Baba ntu hamjui mwanawe kwa nguo tu? Na leo ntoto atoke peke yake, sie watu wazima tumekaa tunantazama?" Alimvuta akamkalisha kwenye benchi pembeni yake. "Kama hapo kwenu hapana nafasi, kwangu ipo. Kaa."

Watu wengine walidhani ni sehemu ya mchezo wakapiga makofi, na mgeni rasmi alipoona wanapiga naye akapiga. Mwalimu wetu alishika kichwa. Mkubwa wa mji na mkewe walibaki jukwaani wametazamana, hawana maneno, mpaka wakaona bora wainamishe vichwa na kuteremka. Mchezo wangu haukupata mwisho niliouandika. Yule bibi hakumwachia msichana mpaka zilipogaiwa soda, na ya kwanza alimfungulia yeye.

Watu walipoanza kutawanyika dada akaja. "Nionyeshe ofisi," alisema.

Nilitangulia. Ni hatua chache tu kutoka ukumbini. Shangazi alibaki nje, akajifanya anaangalia bustani. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza yake, amefurahi, kwani mgeni rasmi alikuwa ameondoka akicheka. Aliniita kwa jina, yaani jina la dada, na dada amesimama pale.

"Karibuni. Huyu nani wako?"

"Dada yangu," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Karibu sana, binti. Unaitwa nani?"

Mtoto akaanza kulia mikononi mwangu. Nikamtikisatikisa. Dada akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Nilijua litakalotoka. Nimelisikia kila asubuhi kwa karibu miaka mitatu.

Akataja langu. Langu la kuzaliwa, na la baba yangu mzazi nyuma yake, la babu mwisho. Ndani ya kuta zile halijapata kutajwa, na nusura niseme naam.

"Haya," alisema mwalimu mkuu, "nikusaidie nini?"

"Sina haja kubwa, mwalimu. Nimekuja kumtazama mdogo wangu tu. Kama anasoma."

"Anasoma. Hasemi, lakini anasoma."

Tukaaga. Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo, dada alinichukulia mtoto akamnyonyesha amesimama, uso ukutani.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Kwa nini nini? Ntoto alikuwa analia, sikuweza kufikiri."

Shangazi anasema ni kwa ajili ya yule bibi. Baba, nilipomsimulia likizo, alisema dada alijua kwamba skuli haitampokea na mtoto, kwa hiyo hakuacha kitu. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mlango wa ofisi ulikuwa wazi, mwalimu mkuu bado yumo ndani, namuona anapanga chupa tupu kwenye kreti, na ilikuwa zamu yangu. Maneno yalikuwa mawili, nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nilisimama pale mpaka mtoto akashiba. Kisha nikachukua mfuko wa vitambaa vyake na tukaenda kungoja gari.

Njiani dada aliniuliza habari za masomo, moja moja, kama mtu anayeulizia watu wa nyumbani. Hesabu zimefika wapi. Mwalimu wa Kiarabu mkali au si mkali. Nikamjibu yote. Aliuliza kama tuna maabara, nikamwambia ipo ila haina maji, akasema mh.

Gari ya Msuka ilikuja mapema kuliko kawaida. Alipanda, akakaa dirishani, akanipokea mfuko.

"Mtihani wenu mkubwa lini?"

"Mwakani."

"Usifeli," alisema. "Weye ukifeli nitaandikwa mie kuwa nimefeli. Na mie sijapata kufeli."

Hakucheka, wala hakununa. Alimgeuza mtoto nitazamane naye, akaupungia mkono wake mdogo kwa kuushika, gari ikaondoka.

Tulirudi kwa miguu na shangazi, jua la saa nane limetupiga utosini. Nyumbani kulikuwa na masufuria ya tangu asubuhi. Shangazi aliniuliza kama nimechoka, nikamwambia ndiyo. Akasema hata yeye, akaniambia nianze na lile kubwa.